Nani anakungoja saa nane usiku? Mwongozo wa kupanga saa za biashara Mombasa

Mombasa ina biashara ambazo lazima zimwamshe mtu usiku. Muuza mboga anayefika soko la Kongowea jua limeshapanda hununua kilichosazwa na waliomtangulia. Muuza mahamri akiamka na jua, wateja wake washakunywa chai kwingine. Na kuna biashara ambazo mwenyewe hukesha kwa sababu mchana ulimponyoka: foleni ya feri Likoni, simu zisizokwisha, jamaa aliyepita dukani kusalimia akakaa hadi alasiri. Hali hizi mbili watu huzichanganya, na ndipo wanapoumia. Ya kwanza inataka usingizi uhamishiwe saa nyingine. Ya pili inataka mchana urekebishwe, na hakuna kahawa itakayofanya kazi hiyo.

Anza na daftari la siku saba

Chukua daftari la kawaida, chora safu tatu. Ya kwanza saa, ya pili kazi uliyofanya, ya tatu jibu la swali moja: nani angepoteza nini kama kazi hii ingengoja hadi kesho saa tatu asubuhi? Andika kila kazi uliyoifanya baada ya saa nne usiku, tena papo hapo. Ukingoja asubuhi utaikumbuka ile kazi ngumu na kuzisahau dakika arubaini za kupekua WhatsApp.

Wiki ikiisha, pitia safu ya tatu. Pakiwa na mteja, unga unaoumuka au tarehe isiyosogezeka, hiyo ni kazi halali ya usiku. Pakiwa patupu, kazi imehamia usiku kwa ratiba mbovu. Zinazoangukia hapo mara nyingi ni kujumlisha mauzo, kuweka picha za bidhaa mtandaoni, na hesabu za kodi. Hii ya mwisho haina kisingizio: PAYE (kodi ya mishahara) ya mwezi uliopita huwasilishwa KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 9, na VAT (kodi ya mauzo) kufikia tarehe 20, mwezi baada ya mwezi. Anayekesha tarehe 19 alikuwa na wiki mbili na zaidi za kuimaliza mchana.

Kazi za aina hii zitengee saa mbili mfululizo, mara mbili kwa wiki, simu ikiwa kwa mtu mwingine. Chagua saa ambayo wateja wako ni haba. Kwa duka la mtaani mara nyingi ni kati ya saa nane na saa kumi mchana, joto likiwa limewafungia watu ndani.

Mwili unavyodai deni lake

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kwa siku. Wapo wanaojisifu kwa saa nne, na kusema kweli sifa hiyo tunaionea shaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, saa hizo 17 zinatimia saa nne usiku. Mwaka 2003 watafiti wengine waliwalaza watu kwa muda wa saa sita tu kila usiku, majuma mawili mfululizo. Umakini wao ukashuka hadi kiwango cha mtu aliyekesha usiku mzima, ilhali wenyewe walidai wamechoka kidogo tu. Yaani mwenye usingizi ndiye wa mwisho kujua kwamba akili imelegea.

Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka na umakini hushuka nalo. Ndiyo saa ya sufuri inayoongezeka kwenye oda, ya bei ya jumla kupewa mteja wa rejareja, ya mafuta kuungua karaini. Kwa hiyo weka mwiko: baada ya saa sita usiku hakuna kutuma pesa, hakuna kupanga bei, hakuna kumjibu mteja aliyekasirika. Andika jibu, liache, ulitume asubuhi ukishalisoma upya. Ikiwa lazima utume pesa, soma jina linaloonekana kwenye M-Pesa kabla muamala haujakamilika. Zikienda kwa asiyehusika, upeleke ule ujumbe wa muamala kwa namba 456 mara moja, maana mpokeaji akishazitoa kuzipata ni kazi nyingine.

Kazi yenye usiku wake: mfano wa mahamri

Wengi huamka saa nane usiku wakande, waumue, wasukume na kukaanga kwa mkupuo mmoja. Kilo moja ya unga yenye kijiko kimoja cha chai cha hamira, kwa joto la hapa, huumuka kwa saa moja na nusu hivi, na hiyo saa na nusu unakaa kuutazama tu ukisinzia. Punguza hamira ya chembe ifike robo kijiko cha chai kwa kilo, ukande saa tatu usiku, ufunike, ulale. Hamira kidogo hufanya kazi pole pole, na unga utakuwa tayari baada ya saa saba hivi, yaani saa kumi alfajiri.

Vipimo kwa kilo moja: sukari gramu 200, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, tui karibu nusu lita ukiongeza kidogo kidogo. Tui hilo lichemshwe kisha lipoe kabisa. Tui bichi huchachuka usiku, na tui la moto huua hamira. Asubuhi ukikuta unga umetambaa, umezama katikati na una harufu kali, hamira ilizidi au usiku ulikuwa na joto. Hamri litanyonya mafuta na halitavimba. Februari na Machi, joto likipanda, kanda saa moja baadaye au punguza hamira kidogo zaidi. Unga ukibaki kama ulivyoulaza, hamira imekufa. Ijaribu mchana kwenye maji vuguvugu yenye sukari: isipotoa povu baada ya dakika kumi, itupe.

Saa kumi washa jiko, sukuma, kata, acha vipande vipumzike juu ya kitambaa dakika 15, kisha kaanga. Kilo moja hutoa kama mahamri 30 ya gramu 55 hivi, kwa hiyo kilo tano zikishikwa na watu wawili, mmoja akisukuma na mwingine karaini, zinakuwa tayari kufikia saa kumi na mbili. Mbaazi zilowekwe tangu alasiri, zichemshwe jioni hadi zilainike, na tui zito litiwe asubuhi pekee. Ukilitia usiku, utaamkia sufuria iliyochacha.

Hesabu ya usingizi sasa inakaa hivi: kitandani saa tatu na nusu, kuamka saa kumi, hizo ni saa sita na nusu. Zilizobaki zijazie mchana. Maduka mengi ya Mji wa Kale hufunga mchana, kwa hiyo hutaonekana kiroja ukifunga kibanda na kwenda kujinyoosha baada ya Adhuhuri. Lala dakika 20 au saa moja na nusu. Anayeamshwa katikati, kwenye dakika arubaini au hamsini, mara nyingi huamka mzito kuliko alivyolala.

Wateja wa ng'ambo

Hapa ndipo watu hukesha bure zaidi, kwa kutopiga hesabu ya saa. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa saa 7 tangu Jumapili ya pili ya Machi. Ofisi ikifunguliwa kule saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi. Kwa hiyo mwandishi, mhasibu au mchoraji mwenye mteja New York anaweza kumwahidi kupatikana kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku, wakakutana asubuhi nzima ya mteja, kisha akalala na watu wengine. Ahadi hiyo iandike kwenye makubaliano ya kazi. Mteja asiyeambiwa saa hudhani uko macho siku zote.

California ndiyo yenye shida: saa 11 nyuma, au 10. Saa tatu asubuhi ya kule ni saa mbili usiku hapa, au saa moja. Kubali kuwa naye hadi saa saba usiku, kisha lala hadi saa mbili asubuhi, siku zote, hata Jumapili. Kinachoumiza zaidi ni kuyumba: Jumatatu unalala saa nane usiku, Jumanne saa tatu, Jumatano hulali. Chumba nacho kitayarishwe. Mombasa hupambazuka kabla ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo ongeza leso mbili nzito juu ya pazia, feni ielekee ukutani isikupige usoni, na tokeni za stima ziwepo, kwani feni ikizimika saa moja asubuhi usingizi umekwisha.

Mwenye kuagiza bidhaa China hana haja ya kukesha hata kidogo. China iko mbele kwa saa 5. Sisi tukiwa saa tatu asubuhi wao wako saa nane mchana, wametoka kula. Piga simu zako kati ya hapo na saa sita. London ni tofauti ya saa 2 au 3, na haistahili aya yake.

Ramadhani

Mwezi huu una ratiba yake, na kujaribu kuendesha saa za kawaida ni kujitesa. Muuza futari hukaanga tangu alasiri, na kuelekea Idi maduka ya nguo hufungwa usiku mkubwa. Gawa usingizi mara mbili: baada ya Tarawehe hadi daku, kisha baada ya Alfajiri hadi saa tatu au nne asubuhi. Usiongeze kazi mpya mwezi huo, wala usibadilishe mwuzaji mkuu. Siku tatu baada ya Idi, sogeza saa ya kulala nyuma kwa saa moja moja kila usiku hadi urudi ulikokuwa. Kuruka mara moja hakufanyi kazi.

Usiku mmoja wa dharura

Oda ya harusi imeongezwa, au kontena limechelewa kutoka bandarini. Jioni, kabla ya kuanza, lala kwa muda wa saa moja na nusu. Usingizi wa kabla hufaa kuliko wa baada. Kazi ya kuhesabu na kuamua imalize kabla ya saa saba usiku, za mikono kama kufunga, kubandika na kupanga zifuate. Kahawa kunywa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, isizidi miligramu 400 za kafeini kwa siku nzima. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na takriban 80. Nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, hivyo cha mwisho kiwe saa tano au sita kabla ya kulala. Muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hatuuweki kwenye hesabu: hukuzuia kulala hata kazi ikishaisha, na usingizi wa kesho unaukopa leo.

Asubuhi lala kwa muda wa saa mbili au tatu tu, kisha ungoje usiku wako wa kawaida. Usishike usukani wala pikipiki; lipa tuktuk. Na nauli hiyo iandike kwenye gharama za oda pamoja na stima na saa za kesho ulizopoteza, maana kuna oda za usiku ambazo ukizipigia hesabu hivyo hazibakishi faida yoyote.

Ukiwakesha wengine

Kwa mfanyakazi wa kawaida, kanuni za jumla za mishahara Kenya huweka wiki ya saa 52 kwa siku sita, na saa 60 kwa wa usiku. Saa za ziada katika siku ya kazi hulipwa kiwango cha kawaida na nusu yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, usiku uwe ulikuwa na kazi au haukuwa nayo. Anayekaanga usiku asipewe pia zamu ya kuuza asubuhi hiyo hiyo. Badili zamu kwa wiki nzima, si kwa siku, na mwambie kabla ya Ijumaa ili apange nyumbani kwake.