Kuandaa ibada ya pamoja ya makanisa Unguja na Pemba

Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo huanza 18 Januari na kwisha 25 Januari, siku chache tu baada ya sherehe za Mapinduzi, kwa hiyo maandalizi yaanze mwezi wa Novemba. Ndani ya juma hilo haikosi Jumapili. Chagueni alasiri yake: asubuhi kila kanisa lina ibada yake, na Jumamosi ni Sabato ya Waadventista.

Kamati iwe ya watu wawili kutoka kila kanisa, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Mwenyekiti apatikane kwa kura ya vikaratasi, si kwa ukubwa wa kanisa lake. Kanisa linalotoa jengo lisitoe mhubiri. Kanuni hii msiilegeze hata mkiombwa vipi, maana mwenye nyumba akiwa ndiye mhubiri, wengine hujiona wamealikwa kwenye ibada ya mtu.

Mahali nako pazunguke. Kanisa la Mkunazini la Waanglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1893 na 1898, ni majengo ya fahari, na kamati nyingi hukimbilia hapo. Lakini kanisa dogo la bati la Mwanakwerekwe, Wete au Chake Chake likipewa zamu, wakubwa hujifunza kukaa kwenye mabenchi ya wengine, na hilo lina uzito kuliko mahubiri mazuri juu ya unyenyekevu.

Kabla ya kupanga nyimbo, shughulikieni ugomvi. Kwetu, kidonda kikubwa ni waumini kuhama: kanisa moja linasema limeibiwa kondoo, jingine linasema limewaokoa. Mathayo 5:23-24 inataka mtu apatane kwanza na ndugu yake, ndipo atoe sadaka yake. Wiki mbili kabla ya ibada, viongozi wawili wenye kinyongo wakutane faragha, pamoja na mzee mmoja wa kanisa la tatu. Kila mmoja ataje jambo lenyewe lililomuumiza, mwenziwe alirudie kwa maneno yake mwenyewe mpaka aliyeumia akubali kuwa ameeleweka, kisha waombane radhi. "Kama nimekukosea" haitoshi. Kosa litajwe kwa jina lake. Wasiyapeleke mimbarani. Msamaha unaotangazwa mbele ya watu huku haujafanyika chumbani huwa maonyesho tu, na waumini wanajua.

Ibada iwe ya Neno na maombi, isiwe ya meza ya Bwana. Kanisa Katoliki na baadhi ya makanisa mengine hayashiriki Komunyo na wasio wao. Kuipanga ni kuwaumiza wale wale mliowaita. Masomo yatoke katika vitabu vilivyomo kwenye Biblia zote. Warumi 15:5-7 linafaa sana, kwa kuwa linataka Mungu atukuzwe "kwa moyo mmoja na kwa kinywa kimoja". Wafilipi 2:1-11 lisomwe na kijana wa skuli, si na kiongozi.

Kinywa kimoja kinahitaji karatasi. Katika Sala ya Bwana, Wakatoliki husema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", na wengine "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Msipochapisha maneno yaliyokubaliwa, kanisa zima litagongana katikati ya sala. Chapisheni nakala moja kwa kila watu wawili, na pigeni kura mwaka huu mtumie maneno ya nani; mwakani yawe ya wengine.

Maombi ya kupaza sauti pamoja ni uhai kwa Wapentekoste na ni kishindo kwa waliozoea kimya. Wekeni dakika 3 za sauti na dakika 3 za kimya, na mwongozaji aeleze mapema. Kila upande utoe kidogo.

Kwaya ndizo huharibu muda. Kwaya 6 zikiimba nyimbo 2 za dakika 5 kila moja, saa nzima imekwenda, na tayari ni mashindano. Kila kwaya ipewe wimbo mmoja usiozidi dakika 4, bila hotuba ya utangulizi. Kisha undeni kwaya ya pamoja, watu 5 kutoka kila kanisa, wapangwe kwa sauti na si kwa kanisa. Wafanye mazoezi mara 3, na siku yenyewe wavae nguo za kawaida, si sare. Mahubiri yasizidi dakika 15, na yasiguse ubatizo wa watoto, Sabato wala Bikira Maria. Hayo yana haki ya kujadiliwa, lakini kwenye semina ambapo mwenye imani tofauti anaweza kujibu.

Bango lisiwe na picha za wahubiri. Vyeo visisomwe. Viti vya mbele wapewe wazee na wagonjwa, na wachungaji wakae palipo wazi, kama Luka 14:7-11.

Kwa majirani: anzeni saa 10:30 alasiri, baada ya swala ya alasiri, mmalize saa 12:00, kabla ya magharibi. Spika zielekee ndani. Mpelekeeni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, barua mapema, na kama kuna maandamano, polisi nao waarifiwe. Mwaka 2029 na 2030 juma hili litaangukia Ramadhani; chai na maandazi ya baada ya ibada yaachwe.

Sadaka ihesabiwe na watu watatu wa makanisa matatu, hapo hapo, na kiasi kitangazwe kabla ya baraka. Matumizi yaamuliwe kabla ya siku, mathalani wagonjwa wasio na ndugu. Ndani ya siku 7 kamati ikutane, ikabidhi stakabadhi, na kura ya mwenyeji wa mwakani ipigwe papo hapo.