Somo: Kutafsiri magonjwa ya virusi vya njia ya hewa, Kiingereza kwenda Kipolandi

Ndugu watafsiri, anzeni na msimbo kabla ya neno. Cheti cha daktari kikiwa na msimbo wa ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, msimbo huohuo unatumika Polandi. J10 ni homa ya mafua ambayo kirusi chake kimetambuliwa, J11 ni ile ambayo kirusi hakikutambuliwa. Zote mtaziita grypa, lakini maelezo yanayofuata yasichanganywe.

Pili, majina ya Kiingereza yanayoishia na -itis. Kipolandi huanza na zapalenie, kisha kiungo kilichoshambuliwa. Bronchitis ni zapalenie oskrzeli. Bronchiolitis ni zapalenie oskrzelików. Hiyo -ków ya mwisho inamaanisha vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu, na ugonjwa huo ndio unaolaza wachanga wengi wenye RSV, kirusi cha njia ya hewa. Ikidondoka, umeandika ugonjwa mwingine, na daktari atakayesoma hana namna ya kujua.

Tatu, ostry ni ugonjwa wa ghafla, ciężki ni ugonjwa mkali. ARDS, yaani mapafu kushindwa kazi ghafla, ni zespół ostrej niewydolności oddechowej. Jina la SARS, ugonjwa mkali wa mapafu uletwao na kirusi cha korona, lina pia ciężkiej. Likiachwa, mnasoma ARDS. Kifupi kiandikeni pembeni daima.

Nne, na hapa naomba umakini wote: angina. Kwa Mwingereza ni maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, kwa Kipolandi dławica piersiowa. Mpolandi akisema angina anazungumzia mafindofindo. Mgonjwa wa moyo aliyelazwa kwa homa ya mafua anaweza kuonekana kama mtu anayeumwa koo tu.

MASWALI

Mwalimu, cheti kimesema tu “chest infection”. Niandike nimonia?
Hapana. Nimonia, zapalenie płuc, ni uamuzi wa daktari. Andika zakażenie dolnych dróg oddechowych, yaani maambukizi ya njia ya hewa ya chini, na usiweke zarażenie. Hilo madaktari wa kule wanalitumia kwa vimelea kama minyoo.

Katar ni mafua au ile nchi ya Ghuba?
Herufi ndogo ni mafua, kubwa ni nchi. Mwanzoni mwa sentensi yote yanafanana, kwa hiyo panga sentensi upya.

Na “croup” ya mtoto je? Nimeona krup.
Krup kwa asili ni dondakoo. Kikohozi cha kubweka kiletwacho na virusi ni podgłośniowe zapalenie krtani. Msimbo ukiwa J05.0, uko salama.