Simu yako moja inatosha kupima darasa zima

Walimu wenzangu, hizi apu za kufundishia zinatoka mpya kila siku na huwezi kuzikimbiza zote, mi nashauri chukua moja tu muhula huu uizoee, na kama darasa lako ni kubwa na wanafunzi hawana simu basi anza na Plickers.

Iko hivi, unaprinti kadi zao bure, zina michoro myeusi inafanana na QR, kila mwanafunzi anapewa yake yenye namba, kadi ina pande nne A, B, C na D, ukiuliza swali anaigeuza upande wa jibu lake uwe juu anainyanyua, we unapitisha kamera ya simu taratibu kama unachukua video na majibu yanaingia yenyewe, nani kapata nani kakosa. Yule mtoto mkimya asiyenyooshaga mkono naye unajua kaelewa nini, na jirani hawezi kuibia kirahisi maana kila kadi ina mchoro wake. Kwangu hilo ndo kubwa kuliko yote.

Seti ya kawaida ina kadi 40, ipo na ya 63. Gundisha kwenye manila zisikunjike, ila laminesheni ya kung'aa achana nayo, mwanga unapiga kamera inashindwa kusoma. Waambie wasizibe mchoro kwa vidole. Bando hakikisha lipo, maswali andaa nyumbani kabisa, na kama hakuna projekta andika tu ubaoni.