Kusubiri na Kupokea Gari Jipya la Umeme Zanzibar: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mimi ni fundi umeme, na kwa miaka ya karibuni kazi yangu kubwa hapa Unguja imekuwa kutayarisha nyumba za watu walioagiza magari ya umeme na kufuatana nao bandarini Malindi siku ya kuyapokea. Tabu nyingi nilizoziona chanzo chake kilikuwa zile wiki za kusubiri, pale mwenye gari alipokuwa akitazama picha za gari lake kwenye simu ilhali nyumba yake haina waya wa athi (ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja), soketi aliyoikusudia ndiyo hiyo hiyo ya friji, na muuzaji hajaulizwa tundu la kuchajia ni la aina gani. Nitazieleza hatua kama ninavyozifuata kazini, na hatua ya nyumba nitaieleza kwa urefu kuliko nyengine kwa sababu ndiyo yenye hatari ya moto. Ninaposema gari jipya nakusudia pia lile lililotumika Japani ambalo kwako wewe ni jipya. Tofauti yake ni kwamba betri yake inahitaji kuchunguzwa zaidi.

Hatua ya kwanza: Thibitisha tundu la kuchajia kabla ya kumaliza malipo

Magari ya soko la Japani, kama Nissan Leaf, huwa na tundu la Type 1 kwa kuchaji taratibu na la CHAdeMO kwa kuchaji haraka. Yale ya soko la Ulaya huwa na Type 2 na CCS2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China hutumia mfumo wa GB/T, usukani wake huwa kushoto ilhali sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na tunahitaji usukani wa kulia, na mara nyingi maandishi ya kwenye kioo chake ni ya Kichina. Jina la gari peke yake halikutoshi, kwani gari ambalo BYD huliuza nje kwa jina la Atto 3 huuzwa China kwa jina la Yuan Plus, na matundu yao ni tofauti. Mwambie muuzaji akutumie picha ya tundu likiwa wazi pamoja na picha ya namba ya chesisi, kisha zihifadhi.

Uliza pia kebo ya kuchajia inayokuja na gari. Kebo nyingi za Japani zimeandikwa volti 200, na umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko cha kisanduku chake, na ikiwa hakitaji volti 230 usiichomeke; agiza kebo nyengine yenye plagi ya miguu mitatu ya bapa kama tunayoitumia majumbani. Fanya hivyo mapema, kwa sababu kebo hizi hazipatikani kwa urahisi madukani kwetu, na gari lisilo na kebo litakaa uani bila ya kazi.

Hatua ya pili: Itayarishe nyumba wakati meli iko baharini

Kebo ya kawaida ya plagi ya ampea 13 huvuta takriban ampea 10, yaani kilowati 2.3. Kiasi hicho kinakaribia kile cha birika la umeme, lakini birika hufanya kazi kwa dakika chache, na gari litavuta umeme huo usiku kucha. Soketi ambayo imechemsha chai miaka kumi bila ya shida inaweza kuyeyuka katika wiki ya kwanza ya gari. Kwa hiyo waya wa gari lazima utoke peke yake kwenye bodi ya umeme, uwe na sakiti breka yake, na uwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kwa chaja ya ampea 16 mimi hutumia waya wa shaba wa milimita mraba 4, na kwa chaja ya ukutani ya ampea 32, ambayo hutoa kilowati 7.4, situmii waya mwembamba kuliko milimita mraba 6. Njia ikiwa ndefu, unene huongezeka. Kabla ya kufunga chaja hiyo kubwa, fundi ahakikishe kwamba waya unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo, pamoja na mita yenyewe, vinaweza kuubeba mzigo huo, na ikibidi muwaone Shirika la Umeme.

Sasa athi, jambo ambalo ninaomba lisipuuzwe kabisa. Kebo za kuchajia hupima waya wa athi kila zinapochomekwa, na zisipouona, nyingi huwasha taa nyekundu na kukataa kazi. Katika mashamba ya magharibi, penye udongo mwekundu wa kinongo, fimbo ya athi huzama vizuri na kipimo cha ukinzani wake hutoka kidogo, nako ndiko kunakotakiwa. Upande wa mashariki na kusini, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, ardhi ni ya maweni: unapiga nyundo mara chache tu na fimbo inagonga jiwe la matumbawe. Niliitwa Jambiani kwa mtu aliyeamini kuwa ameuziwa gari bovu kwa sababu lilikataa kuchaji usiku wa kwanza. Nilipofukua nilikuta fimbo imekatwa ikabaki urefu wa mkono mmoja, na fundi aliyetangulia ameifukia ili isionekane. Gari lilikuwa zima, na kule kukataa kwake ndiko kulikoinusuru familia ile na hatari ambayo ilikuwamo nyumbani muda wote bila ya kujulikana. Tulichimba mtaro, tukalaza utepe wa shaba, tukaongeza fimbo mbili kwa umbali baina yake na kujazia udongo mfinyanzi wa bentonaiti unaoshika unyevu, kisha tukapima. Baadhi ya watu humwaga chumvi kwenye shimo ili kipimo kishuke. Chumvi huila shaba, na kipimo hicho hakidumu. Usilipe kazi ya athi mpaka umeuona mkono wa kipimo kwa macho yako.

Upepo wa bahari nao una madhara yake. Soketi ya nje isiyofunikwa hugeuka kijani ndani ya misimu michache, na shaba iliyooza hupata moto. Weka kisanduku chenye alama ya IP65, yaani kisichoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, kwenye ukuta usiopigwa na mvua ya masika, nacho kiwe juu ya kiwango ambacho maji yaliwahi kufika, maana wakaazi wa mabonde ya mjini wanajua maji yanavyopanda.

Kwa anayekaa ghorofani Michenzani, au katika vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo gari haliingii, ninalo ombi moja: usishushe waya wa kuunganisha kutoka dirishani. Waya uliokunjwa hupata moto, na watoto hupita chini yake. Tafuta mapema sehemu ya kudumu, kama vile uwanja wa kazini au nyumba ya ndugu yako wa Fuoni au Kiembesamaki, mfunge soketi rasmi na mkubaliane namna ya kulipia yuniti. Makubaliano hayo yakisubiri mpaka gari lifike, huzaa ugomvi.

Zingatia pia kwamba umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Wakubwa tunakumbuka kiza cha 2008, na kile kilichoanza Disemba 2009 kikaendelea hadi Machi 2010. Mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wa megawati 100, na hali ilibadilika sana, lakini kukatika kwa saa chache bado kupo. Funga kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla kwenye bodi, na umeme ukikatika gari likiwa linachaji, chomoa, usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi ndipo uchomeke tena.

Hatua ya tatu: Linganisha nyaraka

Hatua hii ni fupi. Namba ya chesisi iwe moja katika hati ya shehena, ankara, bima na picha uliyotumiwa. Herufi moja ikitofautiana, irekebishwe kabla meli haijafika. Mweleze wakala wako wa forodha wazi kwamba gari ni la umeme, kwani katika usafiri wa baharini magari ya betri za lithiamu huhesabiwa kuwa shehena ya hatari ya daraja la 9. Wasafirishaji wengi hutaka betri isiwe imejaa wakati wa kupakiwa, kwa hiyo tarajia kulikuta gari na chaji ndogo, na hesabu hiyo izingatie umbali wa kutoka Malindi hadi kwako.

Hatua ya nne: Siku ya kupokea

Nenda asubuhi, penye mwanga wa jua, ukiwa na betri ya kianzio inayobebeka, tochi, kebo yako ya kuchajia na kipimo cha upepo wa matairi. Ile betri ya kianzio ndiyo muhimu zaidi. Gari la umeme lina betri mbili: ile kubwa ya kuendeshea, na ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta, taa na vitasa. Wiki nyingi baharini humaliza ile ndogo. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alibonyeza funguo yake mara tatu bila ya mlango kufunguka, akanigeukia machozi yakimlenga.

"Mwanangu, gari imekufa?"

"Haijafa, Bi Mkubwa. Betri ndogo ndiyo iliyolala. Tutaiamsha sasa hivi."

Tulifungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, tukafungua boneti, tukaunganisha chanya kwa chanya na hasi kwenye chuma cha bodi, na dashibodi ikawaka. Katika kazi hii usiguse kabisa waya wowote wa rangi ya chungwa: hizo ni nyaya za volti mia kadhaa na haziguswi na mtu asiyesomea.

Gari likishaamka, liache lijikague, kisha piga picha dashibodi ukionesha kilomita, asilimia ya chaji na taa zozote za onyo. Kwa Leaf lililotumika, tazama vijiti vidogo vya afya ya betri pembeni mwa kipimo cha chaji: vikiwa 12 vyote, betri haijapungua sana, kijiti cha kwanza hupotea pale inapokuwa imeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Ni bora zaidi kusoma kwa programu ya LeafSpy na kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, kwani muuzaji mwenye nia mbaya anaweza kuvirudisha vijiti kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta. Baadaye inama, umulike tumbo la gari. Kifuniko cha betri kisiwe na mkunjo wala mchubuko mzito, maana magari hufungwa kwa mikanda au minyororo melini. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwisho chomeka kebo na uone gari likipokea umeme kwa dakika kumi angalau. Pasipokuwa na soketi bandarini, andika kwenye karatasi ya makabidhiano kwamba kuchaji hakukujaribiwa, kisha utie saini. Watu huona haya kuandika maneno hayo mbele ya wakala aliyewasaidia. Yaandike, kwa sababu bila ya hayo hutakuwa na ushahidi. Na gari likikataa kutembea, lipakiwe juu ya lori. Usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiwa chini, kwani yakizunguka huzalisha umeme na huweza kuharibu mfumo.

Anayepokea gari lake Pemba aongeze jambo moja. Lichajiwe Unguja kabla ya kuvushwa, maana kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni takriban kilomita 30, na kutoka hapo hadi Wete ni kama hizo tena, katika barabara za kupanda na kushuka. Kwenye miteremko gari hurudisha umeme kiasi, lakini chini ya ule uliotumika kupanda.

Hatua ya tano: Wiki za mwanzo

Gari la wastani hutumia takriban kilowati-saa 15 kwa kilomita 100. Mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, yaani kilowati-saa 9 kwenda na 9 kurudi, na hata betri ya kilowati-saa 40 itabaki na zaidi ya nusu. Kisiwa chetu kinayafaa magari haya kuliko nchi nyingi kubwa. Kwenye Tukuza, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kuchaji betri hiyo kutoka asilimia 20 hadi 80 kutakula takriban yuniti 27, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kuwa joto. Nunua kabla ya magharibi ili usiku usikatikiwe.

Soma kitabu ujue betri yako ni ya aina gani. Zile za lithiamu, chuma na fosfati, kama za BYD, watengenezaji wengi hushauri zijazwe kikamilifu mara kwa mara ili kipimo kibaki sahihi. Za lithiamu zenye nikeli hudumu zaidi zikibaki kati ya asilimia 20 na 80 kwa matumizi ya kila siku. Leaf la vizazi viwili vya mwanzo halina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo ukitoka safari ndefu mchana wa jua la kaskazi, liache kivulini hadi usiku ndipo ulichaji. Ukirudi kutoka ufukweni, lioshe chini kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya mpira, bila ya mashine ya kusukuma maji kwa nguvu.

Katika usiku wa kwanza kaa macho kidogo. Baada ya nusu saa ya kuchaji, na tena baada ya saa mbili, gusa uso wa soketi na plagi kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ukishindwa kuacha kiganja pale kwa sababu ya moto, zima kwenye breka na umwite fundi. Mwezi wa kwanza ukitimia, umeme uzimwe kwenye meni swichi, kifuniko cha soketi kifunguliwe na skrubu zote zikazwe upya, kwa kuwa waya mnene hulegea kidogo unapopata moto na kupoa kila siku.