SOMO: Kujenga kikatizaji cha MIDI ili koili ya Tesla ipige muziki

Wakuu, habari za leo. Kila nikieleza kuhusu koili yangu ya Tesla, kifaa kinachorusha cheche ndefu za umeme wa volti nyingi, watu huniuliza spika nimeificha wapi. Spika haipo. Cheche ikiruka, hewa inapata joto ghafla na kutanuka, nasi tunasikia mlio mmoja mkavu. Zikiruka cheche 440 kwa sekunde, sikio haliwezi tena kuzitenganisha, linasikia noti ya A, ile ile inayotumika kulinganishia ala. Koili yenyewe hutetema kwa makumi au mamia ya kilohezi, ambayo hakuna mtu anayeyasikia. Kazi ya kikatizaji ni kuiwasha na kuizima kwa mwendo wa noti zinazotumwa na kinanda kwa MIDI, yaani lugha ya vinanda vya umeme.

Somo hili ni la koili zinazoendeshwa kwa transista, zile za DRSSTC. Yenye pengo la cheche haitaongozeka kwa njia hii. Na tafadhali, msikubali kauli kwamba umeme wa masafa ya juu haudhuru. Unaunguza nyama kwa ndani, na kapasita zinazochajiwa kutoka umeme wa nyumbani wa volti 230 hufika kama volti 325. Hizo zinaua.

Hatua ya 1: Kupokea MIDI

Chukua soketi ya MIDI ya pini tano. Pini ya 4 ipite kwenye risista ya omu 220 hadi mguu wa 2 wa optokapla 6N138 (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga), na pini ya 5 iende mguu wa 3. Weka dayodi 1N4148 kinyume kati ya miguu hiyo miwili. Mguu wa 8 upate volti 5, wa 5 uende graundi. Mguu wa 6 ndio unaotoa data. Uvute juu kwa risista ya kiloomu 1, kisha uupeleke kwenye RX (pini ya kupokea data) ya Arduino Nano, ubao mdogo unaoendesha programu yetu. Pini ya 2 ya soketi usiiunge graundi upande huu. Kasi ya data ni biti 31,250 kwa sekunde. Wakati wa kupakia programu chomoa waya wa RX, la sivyo upakiaji utakataa.

Hatua ya 2: Kugeuza noti kuwa mapigo

Ujumbe wa noti una baiti tatu. Noti namba 69 ni hezi 440, na kila ukipanda noti 12 masafa huwa maradufu. Vinanda vingi huzima noti kwa kutuma "washa" yenye nguvu 0. Usipoliweka hilo kwenye programu, noti itaendelea kulia hata ukiondoa kidole.

Taima 1 ya ATmega328P, chipu iliyo kwenye Nano, kwa megahezi 16 zilizogawanywa kwa 8, huhesabu moja kila nusu mikrosekunde. Kwa hiyo hezi 440 ni hesabu 4,545. Iache taima izunguke bila kusimama na utumie vilinganishi vyake viwili, A na B. Kila kimoja kikifikiwa, toa pigo kisha ongeza hesabu za noti yake. Hapo umepata sauti mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Upana wa pigo (msiiruke)

Pigo pana hutoa cheche ndefu na sauti kubwa, lakini hapo ndipo transista zinapofia. Pigo la mikrosekunde 100 kwenye hezi 440 huiwasha koili asilimia 4.4 ya muda wote. Pigo hilo hilo kwenye hezi 1,760 linafika asilimia 17.6, na hiyo ni kuua koili. Mimi nimeweka kikomo cha asilimia 8, hivyo kwenye noti hiyo ya juu pigo linabaki mikrosekunde 45. Noti mbili zikilia pamoja, jumlisha asilimia zake.

Kikomo cha programu peke yake hakitoshi. Mwanzoni nilikitegemea hicho tu. Jioni moja programu iliganda pini ikiwa juu, IGBT mbili (transista za nguvu za koili) zikapasuka kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi. Tangu siku ile naweka 74HC221, chipu inayotoa pigo moja la muda uliopangwa, niliyoipangia risista na kapasita za kufikia mikrosekunde 150. Inaamshwa na ukingo wa pigo tu. Pigo la programu na la 74HC221 huingia pamoja kwenye geti ya AND ya 74HC08, inayotoa pigo pale tu yote mawili yapo. Programu ikiganda, koili inapata pigo moja fupi, basi.

Hatua ya 4: Faiba

Mapigo yaende kwenye koili kwa mwanga, kupitia uzi wa faiba. Tumia HFBR-1521 kupeleka na HFBR-2521 kupokea, kwa faiba ya plastiki ya milimita 1. Kipokezi hiki hugeuza ishara: mwanga ukiwaka, pini yake inashuka. Panga upande wa koili ili giza limaanishe kuzima, ili faiba ikichomoka kila kitu kinyamaze. Kisanduku cha kikatizaji kiwe cha chuma, umeme wake utoke kwenye betri.

Hatua ya 5: Kujaribu

Koili ikae mbali kabisa na umeme. Unga spika ndogo ya piezo kwenye geti ya AND, piga kinanda, sikiliza. Kisha pima upana wa mapigo kwa osiloskopu, kuanzia noti ya chini hadi ya juu, moja moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, siwezi kuchomeka simu tu nikapiga wimbo wowote?

Jibu: Inawezekana kwa kilinganishi kama LM393 kinachogeuza wimbi kuwa mapigo, ila wimbo wenye ngoma, gitaa na waimbaji hutoka kama mkwaruzo. Filimbi peke yake hutoka vizuri. Hata hapo, hatua ya 3 ibaki palepale.

Swali: Faiba sijaipata. Waya mrefu haufai?

Jibu: Haufai. Waya unakuwa antena, na cheche ikiugonga umeme unakuja hadi kwenye kinanda ulichoshika. Subiri hadi uipate.

Swali: Shikamoo fundi. Klabu yetu ya sayansi shuleni inataka kujenga. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Jengeni hatua ya 1 hadi ya 3 na muishie kwenye piezo. Muziki wote mtausikia hapo, na hesabu zote zimo. Koili iwashwe na mtu mzima mzoefu, na mwenye kifaa cha kusaidia moyo asiingie chumbani. Simu na vifaa vya kusikilizia viachwe nje.

Swali: Yangu inalia vizuri, ila noti za chini kabisa hazitoki.

Jibu: Taima ya biti 16 inaishia hesabu 65,535, sawa na hezi 30.5 hivi. Noti ya chini kabisa utakayoipata ni namba 23. Zilizo chini yake zipandishe oktava moja ndani ya programu.