Kutunza Okidi Lushoto Wakati wa Kipupwe: Mwongozo kwa Anayeanza

Aliyezoea kulea maua Tanga mjini, kisha akahamia Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hana budi kujifunza upya namna ya kumwagilia. Okidi ninayoizungumzia hapa ni Phalaenopsis, ile yenye majani mapana mazito na maua yanayofanana na nondo aliyekunjua mabawa, kwa kuwa ndiyo inayomvumilia zaidi mtu anayeanza. Asili ya jamii hiyo ni misitu ya joto ya Asia, nayo hustawi mchana ukiwa na nyuzi joto 18 hadi 29 za sentigredi, na usiku usioshuka chini ya 15 kwa muda mrefu. Inapokufa milimani, watu huilaumu baridi. Kwa ninavyoona, baridi husingiziwa, kwani mara nyingi kinachoiua ni maji yanayotuama mizizini wakati ambapo mmea wenyewe umepunguza kunywa.

Okidi yangu ya kwanza niliipandisha kutoka Tanga mwezi Mei, nikaendelea kuimwagilia kila siku ya tatu kama nilivyozoea pwani. Kufikia Julai majani yalikuwa yamelegea na kukunjamana, nami nikadhani ina kiu, nikaiongezea maji. Nilipoitoa chunguni nilikuta mizizi imegeuka rangi ya kahawia, na nilipoubana mmoja kwa vidole, ganda lake laini lilivuka lote, ukabaki uzi mtupu mkononi. Mzizi uliooza haunyonyi kitu, kwa hiyo mmea hukauka ilhali umezungukwa na maji.

Kwa sababu hiyo usiipande katika udongo kamwe. Katika misitu ya asili yake okidi hii hushikilia magome ya miti, na mizizi yake imezoea hewa. Tumia vipande vya magome makavu ya msonobari, vyenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, vikichanganywa na vipande vya mkaa ambao haujawashwa. Makumbi ya nazi pia yanafaa, lakini chagua makavu, yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, kwa maana yamejaa chumvi inayounguza mizizi. Hata hayo makavu yaloweke siku tatu au nne, ukibadilisha maji kila siku hadi yaache kutoa rangi ya chai. Chombo kiwe cha plastiki angavu, chenye matundu mengi chini na ubavuni, ili uione mizizi bila kuifukua.

Rangi ya mizizi ndiyo itakayokuongoza, wala si kalenda. Mzizi wenye maji huwa kijani. Ukikauka huwa mweupe wenye kung'aa kama fedha. Ukiwa na shaka, chomeka kijiti kikavu cha mshikaki hadi katikati ya chungu, kiache dakika kumi, kisha kichomoe ukiguse shavuni: kikiwa baridi, subiri. Katika kipupwe cha Juni hadi Agosti, ukungu unapokaa hadi saa nne asubuhi, huenda zikapita siku kumi au kumi na nne kabla ya kuhitaji maji, ilhali mjini Tanga wakati wa kaskazi siku nne ni nyingi. Mwagilia asubuhi, kwa maji ya mvua yaliyokaa ndani yakapoteza ubaridi, uyaache yachuruzike yote. Maji yakiingia katikati ya majani, kwenye moyo wa mmea, yafyonze kwa pamba, kwani yakilala humo usiku wa baridi moyo huoza na mmea huo ni vigumu kupona. Ushauri wa kunyunyizia majani kila siku unawafaa watu wa Ulaya, ambao vipasha joto vya nyumbani huikausha hewa yao. Sisi wa Usambara hewa yetu ina unyevu wa kutosha.

Iweke karibu na dirisha la mashariki, majani yasiguse kioo usiku. Majani yakiwa kijani kizito mno, mwanga hautoshi. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni jiko la mkaa: likiwashwa chumbani ili kuleta joto, hewa yake huangusha vichomozo vya maua, na hiyo hiyo ni hatari kwa uhai wa watu waliolala humo. Ndizi mbivu au plamu zilizoiva zikiwekwa mezani karibu na okidi nazo hutoa hewa inayoangusha vichomozo.

Ukitaka kuongeza nyingine, nunua kwa anayeotesha, usizing'oe katika msitu wa Magamba au Amani. Hizo ni hifadhi, na okidi ya mwituni iliyobanduliwa mtini mara nyingi haishiki tena.

Usiku wenye ubaridi wa wastani, kama nyuzi 16 kwa wiki chache, ndio unaoiamsha okidi ichanue. Tazama shinani mwishoni mwa kipupwe. Mzizi mpya una ncha ya duara inayong'aa, bali kikonyo cha maua kina ncha bapa yenye mikunjo. Ukishakiona, kifungie kijiti cha kukiegemeza kingali kifupi, wala usikigeuze chungu hadi maua yafunguke, kwa kuwa kikonyo hufuata mwanga na kitapinda.