Ukijenga bwawa, angalia na walio chini ya mawe

Kabla hujafunga mto upate maji ya kumwagilia, ingia majini, geuza jiwe moja uangalie chini yake. Mto ukiwa mzima utaona vidudu bapa vyenye mikia mitatu vinakimbilia upande wa giza, vingine vimejijengea kijumba cha punje za mchanga kimeshikana kabisa na jiwe. Hao ndo chakula cha samaki, ndo wanaomaliza majani yaliyoangukia mtoni.

Ukifunga, maji yanatulia, tope linafukia mawe, wanaotaka maji yanayokimbia wanatoweka. Ila chini ya bwawa, kule mto unakoelekea, ndo wengi hawaangaliagi, maana maji yameacha mchanga wote ndani ya bwawa, yakitoka yanakomba changarawe na mpya haiji. Tena kama bomba linatoa maji ya chini kabisa, kwenye bwawa lenye kina hayo maji ni baridi na mara nyingi hayana oksijeni, saa zingine yananuka yai bovu. Na pale maji yanapomwagika kwa kasi usubi wanajazana, wale wale wanaouma.

Kuna hili la Senegal linaniuma sana. Bwawa la Diama lilimalizika 1986 karibu na mdomo wa mto Senegal, kamba wa mtoni wakakatiwa njia ya kwenda kuzaa kwenye maji ya chumvichumvi, na kamba hao ndo wanaokula konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Maji ya chumvi nayo hayakupanda tena, kilimo cha umwagiliaji kikaongezeka, konokono wakazaana na kichocho kikalipuka vijijini.

Kwa hiyo ndugu mkulima, ukiweza chimba bwawa pembeni, uchepushe maji kiasi tu, mto uendelee na safari yake. Kama lazima ufunge, weka bomba la kuachia maji mchana na usiku hata kiangazi, mdomo wake wa ndani ya bwawa uwe karibu na juu ya maji, sio kwenye tope. Geti usilibamize, funga kidogo kidogo, kuna wadudu wanabandika mayai kwenye jiwe pale pale maji yanapoishia, ukifunga ghafla jioni, jua la kesho linayakausha yote. Tope la bwawa nalo usilifungulie lote mtoni siku moja, litafukia kila kitu huko chini.

Kila baada ya miezi michache geuza mawe matatu juu ya bwawa na matatu chini. Huko chini ukikuta konokono na vilava vyekundu (vifunza vya wadudu) tu, ongeza maji unayoachia na upandishe mdomo wa bomba.